Wasimamizi Wanne, Mbuzi Hakuna

Hata Kilimatinde sasa tuna shule ya kuchora kwenye kikundi cha simu. Wanachama wanaongezeka kila wiki, michoro, hapana. Mwalimu akituma somo la pua, bando la mwanafunzi linakatikia kwenye nyusi. Aliyebaki hewani anajibu "asante mwalimu, ubarikiwe", na penseli yake haijachongwa. Juzi kikundi kilipata msimamizi wa nne.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga hakuwa na kikundi cha simu; alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu zake, walijifunza wakiwa wamekaa pembeni yake. Alifariki mwaka 1972. Wafuasi wake wanachora mpaka leo. Ndugu wasimamizi, tunaomba hata mchoro wa mbuzi mmoja.