Sifa za Jalada, Msafiri Mkuu

Sisi wa Tabora wasafiri hatuwashangai. Burton na Speke walifika hapa, enzi za Kazeh, Novemba 7, 1857, baada ya siku 134 kutoka pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe hadi Bagamoyo, mzigo wa frasila mbili begani. Livingstone ana tembe lake Kwihara, makumbusho hadi leo. Msafiri aliyewapita wote hana hata kibao: jalada la kesi.

Nina shauri la mpaka wa shamba katika mahakama nisiyoitaja, na jalada langu nalijua tabia. Lina staha, halijionyeshi ovyo. Lina upole, halijanikemea hata siku moja. Wa kunikemea wapo. Limenipa na marafiki: benchi la nje ya masjala nimelikalia mpaka najua nani kafiwa na nani kaoza binti.

Lakini fahari yake ni safari. Nilipoliulizia mara ya kwanza, lilikuwa kwa mheshimiwa. Mara ya pili, lilikwisha kutoka kwa mheshimiwa ila halijafika masjala. Kati ya vyumba hivyo nimehesabu hatua ishirini na sita. Ujasiri ulioje! Bila punda, bila askari, bila kirangozi wa kupeperusha bendera, jalada lilijitosa katika ukumbi ule, na hii ni wiki ya sita halijatokea ng'ambo. Labda limepiga kambi penye ndoo ya maji. Labda limezuiwa likidaiwa hongo, kama misafara ya kale.

Hongo. Basi neno limeshanitoka. Zamani lilikuwa ushuru wa njia: chifu akipokea vitambaa vyake mchana kweupe, msafara ukapita. Juzi jirani yangu wa benchi aliingia masjala na gazeti lililokunjwa. Jalada lake, lililokuwa “halionekani” tangu Pasaka, lilionekana kabla chai ya karani haijapoa.

Mfuko wa barua za Livingstone, ulioandikwa Novemba 1, 1870, ulikwama hapahapa Unyanyembe hadi Stanley alipoubeba kwenda Ujiji mwaka uliofuata. Angalau mwaka ule Mirambo alikuwa amefunga njia. Ukumbi wa hatua ishirini na sita umefungwa na Mirambo gani?

Mie nadai shamba tu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika, pale Arusha, iliiona Tanzania na kosa katika shauri la mfungwa ambaye rufani yake ilikwama kwa kukosa nakala za mwenendo na hukumu. Huyo hakukaa kwenye benchi, alikaa gerezani. Nayo Katiba yetu, ibara ya 107A, inakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi.

Jalada halina miguu, ndugu msomaji. Likipotea, kuna mkono uliolishika. Kwa hiyo ukienda kuomba nakala, usiombe kwa mdomo. Andika barua, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala yake itunze nyumbani. Siku watakapokuuliza kwa nini umechelewa kukata rufani, wao hawatakumbuka kwamba ulikuja. Barua itakumbuka.