Pombe ya Kujipaka

Baridi ya asubuhi huku Sugoi haimheshimu mtu. Ukitoka kukamua ng'ombe bila kujipaka kitu, kufikia saa nne mikono imepauka kama ya mtu aliyekuwa akichezea jivu. Ndiyo maana nilipokwenda Eldoret nilirudi na losheni nzito, na kondishena ya nywele juu yake.

Raha iliisha Kogo alipovaa miwani. Kogo, yaani nyanya yangu, ni mzee wa kanisa, na chupa huisoma kuanzia nyuma.

"Se-te-a-ri-li... alkoholi," akasoma, kwa sauti ya kutangaza msiba. "Hilo la kwanza silijui. La pili nalijua, limeuza mashamba ya watu. Umeniletea chang'aa nyumbani?"

Nikamweleza kwamba alkoholi ni ukoo mpana. Ile ya chang'aa ina atomi 2 za kaboni. Ni nyepesi, hurukia hewani upesi na kuikausha ngozi. Hizi za losheni zina kaboni 16 au 18, na nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya mawese au ya nazi. Ni nta nyeupe, haiyeyuki mpaka ipate joto la nyuzi 50 hivi. Kazi yake ni kuyashikanisha maji na mafuta yasitengane, kuipa losheni uzito, na kulainisha nywele ili kitana kipite bila machozi. Mwanakemia Mfaransa, Chevreul, ndiye aliyeipata ile ya kaboni 16 mwaka 1817, kwenye nta itokayo kwenye mafuta ya nyangumi.

"Nyangumi?" akauliza Kogo.

Sasa nikawa na kesi mbili.

Kumbe baba mdogo alikuwa mlangoni akingoja chai, na katika somo lote alikuwa ameokota neno moja tu. Usiku huo kondishena ikapotea. Asubuhi tulimkuta nyuma ya zizi akitema mate, akilalamika kwamba maneno yanamteleza kabla hajayatamka.

"Hao ni matapeli," akasema. "Wanaandika alkoholi, na mtu halewi!"

Kogo akamtazama kwa makini. Huyu hulewa kwa kunusa kizibo, na leo amesimama wima, macho meupe. Ushahidi ambao kemia yangu ilishindwa kuuleta ulikuwa mbele yake, ukitema mate.

Losheni ikaachiliwa huru siku hiyo hiyo. Sasa iko chumbani kwa Kogo, kabatini, na ufunguo anatembea nao. Anasema anamkinga mwanawe na majaribu.