Sisimizi Chini ya Mbuyu

Hapo Vanga, pwani ya Kenya, mto Umba unapomwaga baharini maji uliyoyachukua kutoka milima ya Usambara, mikoko husimama matope yakiifika magotini, na nyuma ya mikoko upo mbuyu. Juu ya mbuyu huo aliishi Mzee Kima na ukoo wake. Ujanani hakuna aliyemshinda kurina asali ya nyuki wa mikoko, na uzeeni hakuna aliyemshinda kuila.

Kwanza ilikuja kiu. Mzee alishuka kisimani kabla ya alfajiri, akashuka tena jua halijapanda, na usiku alishuka mara nne, mara tano, kujisaidia. Kisha wakaja sisimizi. Kila alipokojoa walijipanga mistari kama walioalikwa harusini. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliliona jambo hili karne nyingi zilizopita, hata wakayaita maradhi yenyewe mkojo wa asali. Ukoo wa Kima nao uliliona. Uliliona, ukalizungumza.

Barazani kwa Kenge ilifikishwa habari ya sisimizi wa mzee. Tumbili aliipeleka hadi kijiji cha Jimbo. Korongo, alaye huku na kulala ng'ambo, aliivusha mpaka, ikafika Jasini, Tanzania. Mashangazi walilizana wao kwa wao. Kiumbe mmoja tu hakuambiwa: Tabibu Kasa, aliyeingia mkondoni kila bamvua kuwatazama wagonjwa. Mzee Kima alikwenda mbele yake, akaulizwa hali, akajibu, "Alhamdulillahi, magoti tu," akarudi zake. Kasa angejuaje? Tabibu humwona mgonjwa kitambo kidogo, tena ameketi. Hamwoni usiku akishuka mtini.

Kisha kikaja kidonda, na aliyekiona ni mjukuu. Kilikuwa unyayoni, kikubwa kama kauri, na mwiba wa mchongoma ulikuwa bado umo ndani. Mzee alikikanyagia siku nzima bila kuchechemea. Hapo ndipo mjukuu alipoogopa, kwani kidonda kinachouma kina mlinzi, kisichouma hakina. Sukari ikizidi damuni miaka mingi huua mishipa ya fahamu ya miguu, na mwenye mguu huwa wa mwisho kujua.

Akamwendea shangazi yake.

"Shangazi, nataka kumwambia Tabibu."

"Umvue babu yako nguo mbele ya watu?"

"Si watu, Shangazi. Ni Tabibu."

"Mwili ni wake. Akitaka, atasema mwenyewe."

Neno la shangazi si la kupuuzwa. Siri ya mwili wa mtu ni mali yake. Hata majirani zao binadamu wameliandika hilo katika Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kwamba habari za mgonjwa ni siri, hazitolewi ovyo bila idhini yake. Mjukuu alilala na neno hilo usiku mbili. Siku ya tatu maji ya bamvua yakajaa, akashuka.

"Shikamoo, Tabibu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nimekuja kwa ajili ya Babu. Ana nini?"

Kasa akazamisha kichwa majini. Mjukuu akangoja. Maji yakapanda kiasi cha kidole.

"Hilo siwezi kukwambia," sauti ikatoka majini. "Aliyonambia babu yako yamo humu gambani, na humu hayatoki bila yeye."

"Basi nimekuja bure."

"Hujaja bure." Kichwa kikachomoza. "Kinywa changu kina gamba, masikio hayana. Sema."

Akasema kwa hasira: Babu ni mkaidi, hasikii la mtu, anajiua huku tunamtazama. Kasa alimwacha amalize.

"Hayo ni ya moyo wako, nami nimeyasikia. Sasa nipe ya macho yako. Umeona nini, tangu lini, mara ngapi?"

Hapo maneno yakakaa sawa. Kiu, tangu mvua za vuli. Usiku, mara tano. Sisimizi. Kidonda, leo siku ya tisa, hakiumi. Na dawa alizopewa zimerundikwa katika tundu la mbuyu, hazijaguswa tangu mwezi uliopita. Kasa hakusema lolote juu ya dawa hizo, ila alimtazama mjukuu kwa muda mrefu kuliko mwanzo.

"Naye anajua umekuja?"

"Hajui. Nakuomba usimwambie."

"Akiniuliza, sitamdanganya. Kamwambie wewe, kabla hajaambiwa na Tumbili."

Kutoka mkondoni hadi mbuyuni si mbali, lakini sidhani kama mjukuu yule aliwahi kwenda safari ndefu kuliko ile. Alimkuta babu yake akitazama maji yakipwa. Akamwambia yote, neno kwa neno, kama alivyoyasema kwa Kasa. Mzee hakufoka. Alinyamaza mpaka jua likazama, kisha akatoa neno ambalo baraza zima, kwa maneno yake yote, halikuwahi kulipata.

"Kaka yangu alipeleka mguu kwa tabibu. Akarudi yeye, mguu haukurudi."

"Aliupeleka siku ya ngapi, Babu?"

Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole. Vidole vikamwishia.

Asubuhi, maji yalipojaa tena, alishuka ameshika bega la mjukuu wake. Kasa alikuwa akiwangoja kivulini.

"Mguu upi?"

Mzee Kima alimtazama mjukuu, kisha akamtazama Kasa. "Kwani hakukwambia?"

"Nataka kusikia kwako."

Mzee akaketi juu ya mzizi wa mkoko, akainua unyayo wa kushoto mpaka ukapigwa na mwanga.

"Huu," akasema. "Na usiku hushuka mara saba, si tano. Huyu huwa amelala."