Taa Imezibwa, Gari Limepona

Probox nyingine za barabara ya Kasulu na Kibondo hubeba abiria waliobanana, magunia ya maharage na siri moja kwenye dashibodi: taa ya njano yenye umbo la injini, iliyofunikwa kwa kipande cha selotepu nyeusi. Isipoonekana, haipo.

Mlimani gari hukohoa, nguvu hukata, bodaboda zinalipita. Dereva analaumu petroli. Fundi anachomoa waya wa betri, anasubiri kidogo, anaurudisha. Taa imezimika! Analipwa na kushukuriwa, ingawa alichofuta ni kumbukumbu ya ugonjwa tu. Ugonjwa wenyewe umepanda gari, tena bila nauli.

Tuwatendee haki: kwenye mwinuko wa mita 1,200, injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 12 ya nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi. Lakini mwinuko hauwashi taa.

Kinachoiwasha hujulikana kwa mashine ya kupimia: huchomekwa chini ya usukani, ikasoma namba za hitilafu. P0171 maana yake hewa imezidi petroli. P0300, silinda kadhaa zinaruka moto. Namba hizo haziagizi sensa mpya. Zinaonyesha pa kuanzia: mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi jekundu, pampu iliyochoka, plagi, koili.

Na taa ikianza kupepesa, ndugu dereva, punguza mwendo na usimame mahali salama. Petroli isiyoungua inakwenda kuyeyusha masega ya kusafishia moshi kwenye ekzosi, na bei ya masega unaijua.