Usaili wa Chumba cha Uani

Wenye nyumba wa Dar es Salaam wanaonewa bure. Mtu katangaza chumba mtandaoni, choo cha kuchangia, LUKU ya kugombania, kisha kakuuliza dini, mshahara, mchumba na namba ya NIDA. Kosa lake nini? Hata Ikulu haiingiwi ovyo. Benki hukopesha mamilioni bila kujua kama unakaanga dagaa usiku, ndiyo maana inapata hasara.

Kodi ya miezi 6 kwa mkupuo nayo ni malezi: humfunza kijana kuweka akiba, hasa ya kukopa. Malipo ya dalali kwa kukutumia kiungo WhatsApp ni kodi ya mwezi mzima. Vidole navyo vinachoka, jamani.

Wewe usiulize kama paa linavuja. Jaza fomu, ambatisha picha, tabasamu, usubiri kuitwa.