Sifa za Kinywa

Wapo waliolisifu jicho hata likaitwa taa ya mwili, na wapo waliousifu moyo hata ukadhaniwa kuwa kadhi wa viungo vyote. Lakini kinywa, ambacho ndicho kiwalishacho taa na kadhi hao, hakikuambulia kwetu ila lawama: kwamba mdomo uliponza kichwa, na kwamba ulimi hauna mfupa. Hiyo si insafu. Mimi, mkazi wa Mchikichini, ambaye kila jioni hupita mezani kwa muuza pweza kwa nia ya kupita tu, nikaondoka nimekula nauli ya kesho, nimeazimu kumtetea mnyonge huyu, ingawa najua fika kwamba katika kesi hii wakili na mshitakiwa ni kitu kimoja.

Hapo kale, yapata miaka milioni 555 iliyopita, sakafu ya bahari ilikuwa na amani ambayo hakuna mtaa ulioionja tangu hapo. Dickinsonia, kiumbe bapa mfano wa kitanga cha mkeka, alijilaza juu ya utando wa vijidudu, na kwa kuwa hakuonekana kuwa na kinywa, wataalamu wengi husema alikula kwa tumbo la nje, akilifyonza jamvi alilolilalia. Likiisha ladha, huhamia pengine, bila ya kukopa, kusengenya wala kuomba chumvi kwa jirani. Jirani mwenyewe, Kimberella, hakuwa na subira hiyo: alikuwa na kitu cha kukwangulia, na mikwaruzo iliyosalia katika mawe ya Australia na Urusi yafanana na kazi ya mtoto aliyeachiwa ukoko wa wali.

Tundu lenyewe lilikuwako kabla ya adabu yake. Yavuyavu ni chumba chenye mlango mmoja: chakula huingilia hapo na taka hutokea hapo hapo, mgeni na jaa wakipishana kizingitini. Ndipo akaja kiumbe mfano wa mnyoo, asiye na jina wala kaburi, akatoboa mlango wa pili, na kwa kutoboa kwake akajenga ile nyumba ya Kiswahili tuijuayo Kariakoo na Mchikichini: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma penye choo. Chakula hupokewa barazani, hupita ukumbini kila chumba kikichukua haki yake, na kisichofaa hutokea uani bila ya kumuudhi anayebisha hodi. Hivyo mtu hustaftahi hali chakula cha jana hakijaaga, na duka halifungwi.

Nakiri kwamba kinywa kilipopata meno kilileta dhuluma. Lakini tazama fadhila za dhuluma hiyo: gamba la kombe, kasi ya samaki, macho makali na shimo la kujificha matopeni, vyote kwa sehemu kubwa ni majibu ya walioogopa kuliwa. Na heshima yake ilikuwa kubwa hata kikaweza kuishi bila mwili. Mwaka 1911 Charles Walcott wa Marekani, akichunguza mawe ya Kanada, aliona duara la mabamba yenye meno akalisajili kuwa yavuyavu, na kiwiliwili kingine akakiita jongoo bahari. Mikono ya jamaa zao, Anomalocaris, ilikwisha hesabiwa kamba tangu 1892. Ilipofika 1985, Harry Whittington na Derek Briggs walithibitisha kwamba yavuyavu, jongoo na kamba hao walikuwa vipande vya wawindaji wa ukoo mmoja. Miaka 74 kinywa kilikaa kama mtu mwenye nyumba yake, na hakuna aliyekidai kodi.

Limebaki jambo moja, nalo lataka unyenyekevu. Mwaka 1908 Karl Grobben aliwagawa wanyama mafungu mawili: wale ambao, kwa kanuni yake, tundu la kwanza la kiinitete huwa kinywa, na wale ambao tundu hilo huishia nyuma, kinywa kikatobolewa baadaye. Pweza, mwenye mdomo mgumu kama wa kasuku katikati ya mikono yake minane, amewekwa fungu la kwanza, la wenye kinywa cha mwanzo. Sisi tumewekwa fungu la pili, pamoja na jongoo bahari, ambaye hata kupumua hupumulia uani, na kiti cha pweza, ambaye hulitoa tumbo lake nje ili kumla mwenziwe.

Basi mtu akinimwagia maneno barazani, simjibu. Nakumbuka kwamba fundi wa nyumba yake alianzia chooni. Na hapo ndipo sifa ya kinywa hutimia: kilikuja mwisho, nyumba ikiwa imekwisha kuanzwa, kikashika baraza, kikawa msemaji wa wote. Muuza pweza aniulizapo kama naongeza kipande, hujibu chenyewe, kabla mimi mwenye nauli sijaulizwa.