Anza na Maporomoko: Mwongozo wa Kumfuga Chura

Mpwa wangu alinitumia picha kwenye simu. Chura wa bluu, bluu ya kitenge ambacho hakijafuliwa bado, ametulia juu ya jani. Chini yake ameandika: "Shikamoo mjomba. Nataka kufuga hawa. Nianzie wapi?" Nikamjibu marahaba, nipe wiki moja. Swali lake lilistahili jibu kamili, na kwa kuwa najua Mbeya na Iringa wapo wengine wenye hamu kama yake, jibu nimeliandika hapa wote walisome.

Yule wa bluu kwao ni Amerika ya Kusini. Ana ndugu Colombia ambao Waembera walichukua sumu ya ngozi zao na kuipaka kwenye mishale ya kupuliza kwa mdomo, ndiyo maana ukoo mzima unaitwa vyura wa mishale ya sumu. Ulaya na Marekani watu huwafuga ndani ya matanki ya kioo yenye mimea na unyevu, wakiwalisha vijinzi vidogo kama hivi vinavyozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Lakini sumu hiyo chura hazaliwi nayo. Anaipata kwa sisimizi na utitiri anaowala msituni. Akizaliwa ndani ya kioo na kulishwa vijinzi, anakua bila sumu yoyote. Ukimtenga na msitu wake, unabaki na rangi tu.

Jambo hilo ndilo lililonifanya nimwambie mpwa wangu aachane na yule wa bluu. Shamba la wazazi wake liko mashariki mwa Mufindi, upande ambao vijito vinashuka kuelekea mto Kihansi, na huko chini anaishi chura wa rangi ya dhahabu ambaye dunia nzima imehangaika kumfuga kwa zaidi ya miaka 20. Tujifunze kwa huyo. Masharti yake ni haya.

Hatua ya kwanza: pata maporomoko. Pampu ya tanki la samaki haitatosha. Unahitaji mto mzima unaotoka kwenye nyanda za juu za Mufindi na Kilolo, ukafika kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro, ukajitupa bondeni kwa nguvu hadi maji yanapasuka kuwa manyunyu. Manyunyu hayo yanaloweka majani na mawe yaliyo pembeni usiku na mchana, masika na kiangazi, na upepo wa maporomoko hauyapi nafasi ya kutulia. Eneo lote lililolowana hivyo lilikuwa kama hekta 2, chini ya ekari 5. Kuna watu Mufindi wenye bustani ya chai kubwa kuliko hiyo. Humo, na popote pengine duniani hapana, ndimo alimokuwamo chura wa Kihansi.

Aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme wa mto huo ukiwa umekwisha kuanza kujengwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Kim Howell akiwa mmoja wao, walikuwa wakikagua viumbe wa bondeni. Kwa kisayansi anaitwa Nectophrynoides asperginis, na neno hilo la pili kwa Kilatini ni la manyunyu. Jike hazidi sentimita 2.9. Dume ana sentimita 1.9 hivi, anatosha kukaa juu ya kucha ya kidole gumba. Hatagi mayai majini wala huoni viluwiluwi: jike anabeba mimba na kuzaa watoto walio tayari vyura, kila mmoja milimita 5 hivi.

Hapa niwaambie watu wa Rungwe kitu chao. Chura wa kwanza kujulikana na wanasayansi kuwa anazaa badala ya kutaga ni wa kwetu. Gustav Tornier alimweleza huko Berlin mwaka 1905, mwaka uleule wa Maji Maji, kwa vielelezo vilivyotoka Rungwe, Ukinga na Uhehe. Nimekulia Tukuyu, nikasoma Tukuyu, na hakuna darasa nililoambiwa hilo. Tulifundishwa hatua za ukuaji wa chura kwa picha ya kiluwiluwi anayeota miguu, na mlima uliotoa chura asiyefuata picha hiyo ulikuwa unaonekana dirishani.

Hatua ya pili: usimwondolee maji. Bwawa la Kihansi lilipoanza kazi mwaka 2000, karibu sehemu 9 kati ya 10 za maji ya mto ziliingizwa kwenye handaki na kupelekwa kwenye mitambo iliyo ndani ya mwamba, yenye uwezo wa megawati 180. Maporomoko yakanyauka. Manyunyu yakakoma, majani yakaanza kukauka, na chura ambaye ngozi yake haijawahi kukauka akabaki bila pa kwenda.

Umeme ule silaumu. Aliyeishi Mbeya miaka ya 1990 anakumbuka mgao, kibatari juu ya daftari la mtihani, nyama inayoharibika kwenye friji la bucha. Umeme wa Kihansi uliingia kwenye gridi na ukatufikia kupitia Iringa, na ninapoandika huenda taa iliyo juu yangu inawaka kwa maji yaleyale ambayo chura aliyahitaji. Kwa hiyo ninaposema usimwondolee maji nasema nikijua bei yake, na nikijua kwamba mimi ni mmoja wa waliokwisha kuyanywa.

Waswahili tunasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kihansi ng'ombe alikunywa, lakini kelele zilisikika. Benki ya Dunia, iliyokuwa miongoni mwa wafadhili, ilibanwa kwa maswali, mradi wa kutunza mazingira ya Kihansi ukaundwa, na sehemu ya maji ikaachwa iendelee kushuka bondeni. Mafundi wakatandaza mabomba kwenye miamba ile yenye utelezi na kufunga vinyunyizio vinavyoendeshwa na mteremko wa maji wenyewe, ili kuwe na mvua ya kutengenezwa pale palipokuwa na mvua ya Mungu. Ukitaka kumfuga chura huyu, hiki ndicho kifaa chako cha kwanza: bomba la kilimani linalofanya kazi ya mto, na mtu wa kulitazama kila siku lisizibe tope.

Hatua ya tatu: uwe tayari kumsindikiza uwanja wa ndege. Desemba 2000 vyura 499 walikusanywa bondeni na kupelekwa New York, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, na baadaye wengine wakahamishiwa nyingine, ikiwemo ya Toledo katika jimbo la Ohio. Hapo ndipo wafugaji wenye ujuzi wote walipoanza kujifunza upya. Maji yalichujwa kwa mashine. Manyunyu yalitoka kwa saa maalumu. Taa zilichaguliwa kwa miale yake, kwa kuwa chura huyu hakuzoea giza la pango. Chakula kilikuwa nyenje wachanga wadogo kama mbegu, vijinzi vya matunda, na wale wadudu wadogo mno wanaorukaruka kwenye majani yaliyooza. Na bado walikufa. Minyoo ya mapafu iliwaua, lishe pungufu ikawaua, hadi wakabaki pungufu ya 100. Kila ninapofikiria wale wahudumu wa Bronx, watu wasioijua Mufindi hata kwa ramani, wakihesabu asubuhi vyura waliosalia, nawaonea huruma na nawashukuru.

Hatua ya nne: osha buti. Wengi watairuka, nami ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Vinyunyizio vilipokwisha kufungwa Kihansi, vyura waliobaki waliongezeka, na katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kufika 20,000. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2004, watafiti waliohesabu walikuta wa kuhesabika kwa vidole. Chanzo kinachotajwa zaidi ni fangasi wa ngozi ambaye ameua vyura mabara mengi. Chura hunywa maji na kwa sehemu hupumua kwa ngozi. Ngozi ikiugua, moyo hufuata. Fangasi huyo husafiri kwa tope na unyevu, na tope husafiri kwa viatu. Kipindi hichohicho bwawa lilifunguliwa ili kusukuma mashapo, na tope hilo lilikuwa na mabaki ya dawa za wadudu kutoka mashambani, ikiwemo endosalfani, ambayo mwaka 2011 iliingizwa kwenye mkataba wa kimataifa wa Stockholm ili iachwe. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Kwa hiyo anayeshuka bondeni Kihansi huosha buti na kuzitia dawa kabla hajakanyaga majani ya chura. Nawe ukitoka kutazama vyura Kitulo ukaenda kuwatazama Rungwe, fanya hivyohivyo: sugua soli, ondoa tope lote, zikauke juani kabla ya safari ya pili. Buti chafu ni mgeni ambaye chura hana namna ya kumfungia mlango.

Hatua ya tano ni kungoja. Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa nyumbani, kwenye chumba maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakahudumiwa na wataalamu wa Kitanzania waliofunzwa kazi hiyo. Wakazaana. Desemba 2012 kundi la kwanza kubwa liliachiwa bondeni Kihansi, chini ya vinyunyizio, na tangu hapo wamekuwa wakirudishwa kwa mafungu. Ni safari ya miaka 12 ya kwenda Marekani na kurudi, ili mnyama mwenye uzito mdogo kuliko sarafu akae tena kwenye jani lake.

Mpwa wangu alipofika hapa alinipigia. "Kwa hiyo mjomba, siruhusiwi?" Nikamwambia huyo wa Kihansi hapana. Ukoo wake wote uko kwenye orodha ya juu kabisa ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea tangu 1975, na wanyamapori wa Tanzania wanalindwa na sheria ya mwaka 2009. Kukamata bila kibali ni kosa. Yupo pia chura mweusi mwenye mistari myekundu mgongoni, wa maeneo ya joto, anayevutia macho kama wale wa mishale ya sumu. Huyo ngozi yake inatoa utomvu unaowasha, na ukimweka chombo kimoja na vyura wengine anaweza kuwaua. Mwache atembee.

Nami nina cha kukiri. Nikiwa na miaka tisa nilijaza ndoo vyura wadogo wa matete kutoka kijitoni, nikawawekea maji ya bomba na majani ya mgomba, nikaiweka ndoo uani. Siku ya tatu wote walikuwa wamekufa. Mama hakunichapa. Aliniambia tu, nenda ukawazike walikotoka. Nilipofika kijitoni usiku ulikuwa unaingia na wenzao walikuwa wakiimba, na hadi leo sijui kufuga chura kwa njia nyingine isipokuwa kulinda mahali anapoimba.

Basi mwongozo wa nyumbani, kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini, uko hivi. Kama una kinyungu, kile kishamba cha bondeni cha kiangazi, usikilime hadi kwenye ukingo wa maji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60. Mwenye shamba dogo ataona ni nyingi, lakini aanze na alizonazo, aache matete na majani marefu yajiotee. Bomba la kupulizia dawa, liwe la nyanya za Ilula au la parachichi za Rungwe, lisioshwe kijitoni hata mara moja. Libebe liende mbali, maji yake yamwagwe kwenye udongo mkavu. Chupa tupu za dawa zisitupwe bondeni. Milingoti, yaani mikaratusi, isipandwe kwenye chemchemi, inakunywa sana. Miti ya asili iliyobaki kando ya mto iachwe, hata ile isiyofaa mbao.

Chura utakayemfuga hivyo hatakuwa na jina wala hutamshika mkononi, na wageni wako hawatamwona sebuleni. Utamjua kwa sauti. Mvua za kwanza za Novemba zikinyesha, toka na tochi, simama kimya mpaka wasahau kwamba upo. Mmoja ataanza kama anayegonga kijiko kwenye glasi, mwingine atajibu kama mlango unaohitaji grisi. Rekodi kwa simu, andika tarehe na mahali. Ukifanya hivyo miaka mitatu utajua kuhusu bonde lako jambo ambalo pengine hakuna kitabu kimelisema.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia rekodi ya dakika nne kutoka chini ya shamba lao. Nimeisikiliza mara nyingi, nikiwa nimefunga dirisha. Maji yanasikika, mbwa anabweka mbali, na vyura ninaowatofautisha ni wa sauti tatu, labda nne. Ile ya nne inakuja mara moja tu, karibu na mwisho, kisha inakatika. Nimemwomba arudi palepale kesho usiku, akae zaidi.